Kupanga Meno Ukiwa Mtu Mzima: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Musoma, Bunda na Butiama

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima mwenye kazi yake Musoma, Bunda au Butiama ambaye amekuwa akijiuliza kimoyomoyo kama bado anaweza kufungwa waya za meno. Huenda ni mwalimu, muuguzi, askari, mchakataji wa samaki, mama lishe au dereva wa bodaboda. Jibu la swali lake ni fupi: anaweza. Umri peke yake haumzuii mtu. Kinachozuia ni fizi zinazoumwa, na kinachowakwamisha wengi wakiwa katikati ni barabara. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo hayo mawili kuliko kwenye waya zenyewe.

Jino la mtu mzima linasogeaje

Butiama ni mahali panapojua habari za meno kubadilishwa sura. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, alikuwa na meno ya mbele ya juu yaliyochongwa kwa desturi ya Wazanaki, na picha zake nyingi zinayaonyesha. Jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa, kwa kuwa gamba gumu la nje haliwezi kuota upya. Mfupa una tabia nyingine. Mfupa unaoshika meno hubomolewa na kujengwa maisha yote ya mtu, na hiyo ndiyo sababu ya mtu wa miaka 20, 40 au hata 60 kuweza kupangwa meno.

Jino halikusimikwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Baina yake na mfupa upo utando wa nyuzi wenye unene wa takribani robo ya milimita. Waya ukilisukuma jino polepole, upande linakoelekea mfupa huliwa kidogo kidogo, na upande linakotoka mfupa mpya hujengwa. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi, na kwa mtu mzima huchelewa kuanza kuliko kwa mtoto. Ukilivuta kwa nguvu zaidi halifiki mapema. Mzizi wake ndio unaolika. Kwa hiyo mtu akikuahidi kupanga meno yako yote kwa wiki chache, mwage. Kwa watu wazima wengi kazi nzima huchukua miezi 18 hadi 30.

Jambo moja mtoto anamzidi mtu mzima: taya lake bado linakua, na daktari anaweza kuyaongoza makuzi hayo. Taya lako limekwisha kukua. Kama la chini limelitangulia la juu kwa kiasi kikubwa, waya peke yake unaweza kupunguza kasoro lakini hauwezi kuimaliza, na bingwa atakueleza habari ya upasuaji wa taya. Usikubali wala kukataa siku hiyohiyo. Nenda nyumbani ukafikiri.

Sababu zinazowaleta watu wazima

Asiwepo mtu wa kukutia aibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, na asilimia 63.8 walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Wanafunzi wale leo ni watu wazima, wana kazi na familia. Si kila kasoro inahitaji tiba. Tiba inastahili pale meno yanapobanana hadi mswaki haupiti, meno ya chini yanapouma kaakaa, jino moja linapokaa ndani ya mengine na kuyasaga, au meno ya mbele yasipokutana ukashindwa kukata hata kipande cha chapati. Na mtu anayetaka tu kutabasamu bila kuziba mdomo kwa kiganja naye ana haki yake. Hayo nayo ni mahitaji ya afya.

Kwetu, kisa cha mtu mzima mara nyingi huanzia kwenye jino lililong'olewa. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na wazazi wengi hulidhania la utoto. Likioza linang'olewa, na pengo linaachwa. Miaka inapita, gego la nyuma linalalia pengoni, la juu linashuka kufuata nafasi, na mhusika akifika miaka 35 akitaka jino la bandia anaambiwa nafasi haitoshi. Hapo waya hutumika kulisimamisha lile gego lililolala. Wengine walifanyiwa wakiwa wachanga kile kinachoitwa kung'oa meno ya nailoni, yaani ufizi kuchokonolewa kwa kudhaniwa kuwa ndio unaoleta homa na kuhara. Desturi hiyo imeandikwa na watafiti wa Tanzania, nayo huharibu vijino vya chonge vikiwa bado ndani ya mfupa. Kama chonge yako haikuota, au iliota mahali pasipo pake, muulize mama au bibi, kisha mweleze daktari. Atajua aangalie nini kwenye eksirei.

Mwanya unataka maneno ya pekee. Mwanya uliozaliwa nao, au uliokuwepo tangu meno ya kudumu yaote, si ugonjwa, na katika jamii zetu unahesabiwa kuwa pambo. Ukipenda ubaki nao, hakuna daktari mwema atakayekusukuma kuuziba. Mwanya mpya ni habari nyingine kabisa. Kama una miaka 38 na picha ya harusi yako inaonyesha meno yaliyoshikamana, lakini sasa yameachana na moja limeanza kutokeza, hiyo ni dalili ya mfupa unaoyeyuka chini ya fizi. Usianze na waya. Nenda ukapimwe fizi, wiki hii ikiwezekana.

Na ninaomba jambo hili lishikwe: usifunge meno mawili ya mbele kwa raba bendi, zile za kufungia noti, ili kuziba mwanya. Jino ni nene karibu na ukingo wa kukatia na jembamba kuelekea kwenye mzizi. Raba hupanda kufuata wembamba ule, huingia chini ya fizi usiione tena, na unadhani imekatika ukaimeza. Kumbe iko juu inakata nyuzi zinazoshika jino, siku baada ya siku, hadi meno mawili mazima yasiyo na hata tundu moja yanaanza kucheza na kuanguka. Waganga wa meno wamelikuta jambo hili nchi nyingi. Waya za urembo zinazogandishwa na watu wa saluni ziko kwenye kundi hilohilo la hatari, maana gundi yake haijulikani na nguvu yake haipimwi.

Fizi kwanza

Mtoto anaweza kupelekwa kwenye waya akiwa na fizi zilizovimba kidogo, zikasafishwa njiani. Mtu mzima hawezi kubahatisha hivyo. Jino linaposogezwa ndani ya fizi zenye ugonjwa, mfupa hubomoka upande mmoja na upande wa pili haujengeki, na unaweza kumaliza miaka miwili ukiwa na meno yaliyonyooka yanayocheza.

Jipime mwenyewe kabla ya kutoa nauli. Damu inatoka ukipiga mswaki? Kuna harufu isiyoisha hata baada ya kusafisha kinywa? Fizi zimeshuka na meno yanaonekana marefu kuliko zamani? Jino moja likitikisika kwa kidole au ulimi, ni neno zito zaidi. Ukiona mojawapo, anza kwenye kliniki ya kinywa na meno iliyo karibu nawe, ya wilaya yako au ya hospitali ya rufaa ya mkoa pale Musoma. Huko utaondolewa ukoga, meno yaliyotoboka yatazibwa, na mizizi iliyobaki itatolewa. Kisha unasubiri, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi, ili ionekane kama fizi zimetulia na kama wewe mwenyewe unaweza kuzitunza. Wengi hukata tamaa kwenye miezi hii. Mimi naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko yote: mtu ambaye damu imekoma kwa juhudi zake ataweza kuishi na waya.

Sema dawa zako zote, hata zile unazoona hazihusu mdomo. Dawa za presha za aina ya nifedipini na amlodipini, na fenitoini ya kifafa, zinaweza kuzifanya fizi zivimbe na kufunika meno. Dawa fulani za kuimarisha mfupa, za kundi la bisfosfoneti, hubadilisha kabisa mpango wa tiba. Kisukari kisichodhibitiwa hula fizi haraka. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na mwenye afya njema hazuiwi kufunga waya. Aseme tu, na anayo haki ya siri. Mjamzito aseme pia, kwa sababu fizi huvimba kirahisi wakati huo na eksirei zisizo za haraka husogezwa mbele. Anayevuta sigara ajue kwamba moshi huficha damu ya fizi huku ugonjwa ukiendelea chini.

Baadhi ya maeneo ya Mara yana visima vyenye madini ya floraidi kupita kiasi, na waliokulia huko wana meno yenye mabaka ya kahawia. Meno hayo yanaweza kupangwa. Ila breketi, vile vidude vinavyogandishwa usoni mwa jino, havishiki vizuri kwenye gamba lililoathirika, kwa hiyo mweleze bingwa ulikulia wapi na mlikunywa maji gani. Ataliandaa jino kwa namna nyingine, nawe hutashangaa kidude kikibanduka.

Nani akushike mdomo

Kupanga meno ni ubingwa unaosomewa baada ya shahada ya udaktari wa kinywa na meno. Tabibu wa meno wa wilayani kwako ni mtu muhimu sana: ndiye atakayekusafisha, atakayekung'olea na kukuzibia, ndiye atakayekupa rufaa. Mpango wa waya utoke kwa bingwa. Bugando mjini Mwanza ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na Muhimbili jijini Dar es Salaam ndipo madaktari wa fani hii wanapofundishwa. Kabla ya kupanda basi piga simu, uulize kama bingwa yupo, siku zake za kliniki ni zipi, na rufaa iandikweje. Kwenye kliniki binafsi uliza bila haya jina la daktari na usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari wa kweli hakasiriki kwa swali hilo.

Ziara ya kwanza isiwe ya kufungwa waya. Iwe ya kupimwa: kuangaliwa fizi, eksirei ya mdomo mzima, mara nyingi na ya kichwa kwa ubavu, picha, na nakala ya umbo la meno yako. Ndipo akueleze kama kuna meno ya kung'olewa. Kwa kawaida yanayong'olewa kupata nafasi ni magego madogo, na sababu yake unastahili kuelezwa ukaielewa kabla jino halijatoka.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari anayetibiwa Mwanza. Kutoka Musoma ni takribani kilomita 220, kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Tiba ya miaka miwili yenye kliniki kila baada ya wiki sita ni safari 17. Kwenda na kurudi hizo ni zaidi ya kilomita 7,000, na mwaka mmoja una safari kama 9. Wa Bunda anapunguziwa njia. Wa Butiama kwanza aifikie barabara kuu. Andika nauli ya safari hizo zote, chakula, na mahali pa kulala kama kliniki inaisha jioni, uweke jumla yake kando ya gharama ya tiba yenyewe. Watu hukusanya fedha ya kufunga waya wakasahau fedha ya kuufuata. Baadaye nauli inakosekana, waya unakaa mdomoni miezi minane bila mtu kuuangalia, na meno yanaoza kuzunguka breketi.

Kama huna uhakika wa safari hizo, una njia tatu za heshima: kusubiri mwaka mmoja ukiweka akiba, kumwomba bingwa tiba fupi ya meno machache tu, au kutulia na fizi zenye afya bila waya. Yote matatu ni bora kuliko tiba iliyotelekezwa.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Kliniki ya kukaza waya si ugonjwa, na si busara kuitafutia cheti cha uongo. Nenda kwa mkuu wako na ratiba ya miezi sita mkononi, muafikiane kwa maandishi siku zipi zitakatwa kwenye likizo na zipi utazifidia. Uking'olewa jino na uso ukavimba, hapo cheti ni halali. Kuhusu bima, usidhani kadi itabeba waya. Uliza ofisi ya mfuko wako kabla ya kuanza, na utenganishe maswali, kwa maana kusafishwa, kuzibwa na kung'olewa si jambo moja na kupangwa.

Mapatano ya malipo yaandikwe. Yaonyeshe jumla, mafungu, nani analipia breketi ikibanduka, na kama kifaa cha kushikilia meno mwishoni kimo ndani ya bei. Mtumishi wa umma aongeze swali la uhamisho. Ukihamishiwa Mtwara katikati ya tiba, omba nakala ya eksirei, picha, umbo la meno yako, mpango wa tiba na maelezo ya waya uliomo mdomoni. Kadi ya kliniki peke yake haimsaidii daktari mpya.

Siku hadi siku

Kupiga mswaki kunabadilika. Simama mbele ya kioo penye mwanga. Mswaki laini uulaze kwa mshazari juu ya waya, nywele zake zikielekea kwenye fizi, usugue jino moja moja. Kisha uulaze chini ya waya, zielekee juu. Chukua kile kiburashi kidogo kama cha kusafishia chupa, kipitishe nyuma ya waya baina ya breketi na breketi. Malizia kwa kulamba meno: panapokwaruza ulimi bado kuna uchafu. Ni dakika kumi usiku, na hazipunguzwi. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Tema povu, usisuuze kwa maji mengi. Mswaki wa mti ni mzuri kwa asiye na waya, lakini hauwezi kupita nyuma ya waya. Mvuvi anayelala kambini abebe maji safi ya kusuuzia. Maji ya ziwa yasiyotibiwa yana kichocho na vimelea vya kuhara.

Ugali, sato na mchicha havina shida. Chambua miiba kwa mkono kwanza. Nyama choma ikatwe vipande vidogo, na mfupa usigugunwe. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe. Muwa uachwe mpaka waya zitoke, na soda inywewe pamoja na chakula mara mojamoja, isiwe ya kunyonywa mchana kutwa.

Maumivu baada ya kukazwa hudumu siku mbili hadi nne. Tumia parasetamoli. Diklofenaki, ambayo wengi wetu tunaikimbilia, iko katika kundi la dawa zinazoweza kupunguza kasi ya jino kusogea, mbali na kuumiza tumbo, kwa hiyo isiwe ya kila siku. Mwalimu atagundua herufi ya “s” inapiga mluzi wiki ya kwanza. Asome kwa sauti nyumbani. Anayefanya kazi kwenye kiwanda cha samaki amjulishe msimamizi wake, na breketi ikibanduka akiwa kwenye mstari wa kazi aseme papo hapo. Bodaboda avae kofia inayofunika mdomo. Kwenye ajali, waya huchana midomo vibaya.

Waya ukichomoza usiku na kuchoma shavu, na wewe uko Butiama, usikate kwa kikatio cha umeme. Nawa mikono, washa tochi, kausha mahali hapo kwa pamba, kisha sukuma ncha ya waya kwa nyuma ya penseli, ule upande wa kifutio, mpaka ilale kwenye jino. Weka kipande cha nta uliyopewa kliniki, chenye ukubwa wa punje ya harage. Asubuhi piga simu. Ukipaliwa na kipande na kikohozi hakikomi au pumzi inakata, nenda hospitali muda huohuo.

Waya zikitolewa

Siku hiyo meno yamepangika lakini hayajatulia. Nyuzi zinazoyashika bado zinavuta kuelekea yalikotoka, na mfupa mpya haujakomaa. Utapewa kishikizo: cha plastiki cha kuvaa na kuvua, au uzi mwembamba wa chuma uliogandishwa nyuma ya meno ya mbele. Cha kuvaa huvaliwa kwa kadiri bingwa atakavyoagiza, kisha kila usiku kwa miaka mingi. Kwa mtu ambaye fizi zake ziliwahi kuugua, kwa maisha yote.

Kioshe kwa maji ya baridi, maana ya moto hukipinda. Ukikivua kula, kiweke kwenye kikasha chake. Kikifungwa kwenye karatasi mezani kwa mama lishe kitafagiwa pamoja na miiba ya samaki. Ukiweza, tengenezesha viwili siku hiyohiyo, kimoja kibaki nyumbani. Na kikikubana ghafla baada ya siku chache za kusahau kukivaa, meno yameanza kurudi: kivae usiku huohuo ikiwa bado kinaingia bila kulazimishwa, na kisipoingia usingoje tarehe ya kliniki, piga simu kesho yake.